Riba Peke Yake Haikuiokoa Shilingi

Hoja kuhusu nini kiliiokoa shilingi mmekwisha kuzisikia, kwa hiyo sitazitambulisha kwa kirefu. Tangu shilingi ya Kenya ijikwamue kutoka zaidi ya 160 kwa dola mwezi Januari 2024 na kutulia karibu na 130 kabla Aprili haijaingia, kila kambi imejitwalia ushindi. Wa Benki Kuu wanasema ni riba. Wa Hazina ya Taifa wanasema ni usimamizi wa deni. Wasiowapenda hao wote wanasema ni bahati tu, na kwamba tungefika mbali zaidi kama benki zingewekewa kikomo cha riba, au serikali ingechapishiwa noti, au Benki Kuu ingefungiwa milango isionane na wanasiasa. Nimezisoma hoja za kambi zote. Ombi langu kwa msomaji ni moja: akae kwenye kiti cha hakimu. Kila hoja nitaieleza kama mwenyewe angependa ielezwe, kisha tuipime.

Hoja ya kwanza ndiyo kipenzi cha wengi, maana ina tarehe na ina shujaa. Inasema: tarehe 6 Februari 2024 Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ilipandisha riba ya msingi hadi asilimia 13, siku chache baadaye shilingi ikaanza kupanda, na mfumuko wa bei, uliokuwa asilimia 6.3 Februari hiyo, ukashuka hadi 2.7 kufikia Oktoba. Kwa hiyo riba ndiyo dawa, na aliyeitoa ni Benki Kuu.

Tatizo la hoja hii ni kwamba inaanza kusoma kitabu kutoka sura ya mwisho. Riba haikuanza kupanda Februari 2024. Ilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, ikapandishwa hadi 7.5 Mei mwaka huo, 8.25 Septemba, 8.75 Novemba, 9.5 Machi 2023, 10.5 Juni, na 12.5 Desemba. Ni hatua sita. Katika kipindi hicho chote shilingi ilikuwa inateremka, kutoka karibu 113 kwa dola hadi zaidi ya 155. Kama riba peke yake ndiyo dawa, basi mgonjwa alimeza vidonge sita na hali ikazidi kuwa mbaya, kisha kidonge cha saba, kilicho kidogo kuliko kile cha Desemba, kikamponya ndani ya wiki. Hatua ya Desemba ilikuwa ya pointi mbili nzima. Ya Februari ilikuwa nusu pointi.

Kipya kilichotokea Februari hakikutoka Benki Kuu. Tangu 2014 Kenya ilikuwa na Eurobond, yaani hatifungani iliyouzwa nje kwa dola, ya dola bilioni 2 iliyopaswa kulipwa Juni 2024. Kwa mwaka mzima kila mwenye dola mkononi alikuwa akijiuliza swali moja: je, watalipa? Asiyejua jibu hauzi dola zake. Muuza nje anachelewesha kuzileta nyumbani, muagizaji ananunua za miezi mitatu mbele. Katikati ya Februari Hazina ikauza Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia fedha hizo kuinunua sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla ya siku yake. Swali likafutika. Wiki hiyohiyo ikauza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Ilitafuta shilingi bilioni 70, ikaondoka na karibu bilioni 241, na wageni walileta dola zao ili wapate fungu. Waliokuwa wamekalia dola wakaona hasara inakuja, wakaziachia.

Sitaki kuwapokonya watu wa Benki Kuu haki yao. Riba ya asilimia 13 iliwapa wageni sababu ya kubaki baada ya kuingia, na bila zile hatua za awali Eurobond mpya ingeuzwa kwa bei mbaya zaidi. Ila kusema riba ilichangia si sawa na kusema riba ndiyo iliyofanya. Na watu wa Hazina nao wasishangilie mapema: deni la asilimia 6.875 walilibadilisha kwa deni la asilimia 9.75. Shilingi iliokolewa, naam. Bili ililetwa kwa mlipakodi.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili kabisa. Inasema kupandisha riba ni kazi bure katika nchi ambayo bei zinaongozwa na unga, sukari, viazi na mafuta. Mvua haijali riba ya msingi, wala bei ya mafuta ghafi haiulizi Nairobi imeamua nini. Ukipandisha riba unamuumiza mwenye biashara ndogo na bei ya unga inabaki palepale.

Kipande cha kwanza cha hoja hii ni cha kweli, nami nakikubali. Mfumuko ulipofika kilele cha asilimia 9.6 Oktoba 2022, chanzo kikuu kilikuwa ukame wa misimu kadhaa mfululizo na vita vya Ukraine, si wateja waliojaa fedha mfukoni. Lakini angalieni jinsi hoja inavyojikanyaga. Wasemaji walewale, ukurasa unaofuata, wanasema Benki Kuu imeua uchumi kwa riba kubwa. Ikiwa riba ina nguvu ya kuzuia mtu asinunue gari, asijenge nyumba na asiongeze mzigo dukani, basi ina nguvu ya kupunguza mahitaji, na mahitaji yakipungua bei za vitu vingi hupoa. Haiwezi kuwa dhaifu kwenye bei na jabari kwenye biashara kwa wakati mmoja. Waliobaki na toleo lenye akili zaidi watasema: riba inaumiza kote lakini inasaidia pahali padogo. Hilo nalisikiliza. Jibu lake, hata hivyo, si kuiacha riba, ni kuuliza nani anashughulikia pahali pakubwa.

Na hapo ndipo bajeti inapoingia. Mfuko wa mbolea wa kilo 50, uliokuwa umefika shilingi 6,500 sokoni, serikali iliuteremsha hadi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka uliofuata. Mahindi, mchele na sukari viliruhusiwa kuingia bila ushuru. Mvua zikarudi. Mavuno yakaja. Riba haikuotesha hindi hata moja, lakini ilisaidia bei ya mafuta, kwa mlango wa nyuma: shilingi iliposhika nguvu, lita ya petroli Nairobi, iliyokuwa 217.36 Oktoba 2023, ilikuwa chini ya 200 kufikia Aprili 2024, bei ya dunia nayo ikisaidia. Kila mkono ulifanya kile ambacho mwingine hauwezi. Ruzuku ya unga ya Julai 2022, iliyoshusha pakiti ya kilo 2 hadi shilingi 100 wiki chache kabla ya uchaguzi, siiweki katika hesabu hii. Hiyo ilikuwa kampeni, na iliisha kampeni ilipoisha.

Hoja ya tatu nitaipitia haraka, maana historia ya Kenya imeimaliza. Inasema nchi yenye sarafu yake haiwezi kukosa fedha: Benki Kuu iikopeshe serikali moja kwa moja, tuachane na wakopeshaji wa nje. Tulijaribu. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992 na baada yake, fedha zilimwagwa, kashfa ya Goldenberg, ya malipo ya serikali kwa dhahabu hewa, ikachota upande mwingine, na mfumuko wa bei mwaka 1993 ukafika karibu asilimia 46.  Kuzinyonya fedha hizo ilibidi serikali iuze hati za muda mfupi kwa riba iliyovuka asilimia 70. Yaani fedha "za bure" zilikuja kulipiwa riba ambayo mkopeshaji yeyote wa nje angeona aibu kuidai. Ndiyo maana sheria ya leo inaizuia Benki Kuu kuikopesha serikali zaidi ya asilimia 5 ya mapato yake yaliyokaguliwa. Anayetaka kikomo hicho kiondolewe atueleze safari hii kitatokea nini tofauti.

Hoja ya nne imevaa suti. Inasema kwa heshima zote kwamba Kifungu cha 231 cha Katiba kinaiweka Benki Kuu nje ya amri ya mtu au mamlaka yoyote, kwa hiyo mazungumzo yoyote kati yake na Hazina ni kuingiliwa. Benki Kuu ipige hesabu zake, Hazina ipige zake, wakutane siku ya kutangaza.

Aliyeandika hivi hajaisoma sheria mpaka mwisho. Lengo la mfumuko wa bei, asilimia 5 lenye nafasi ya 2.5 juu na chini, haliwekwi na Benki Kuu. Sheria inampa waziri wa fedha kazi hiyo. Ndani ya Kamati ya Sera ya Fedha kuna kiti cha katibu wa Hazina au mwakilishi wake, anayeketi, kusikiliza na kusema, lakini hapigi kura. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati mbaya. Katibu huyo anajua kinachokuja kwenye bajeti, hivyo wanaopiga kura hawaamui gizani, na mikono yake haifiki kwenye sanduku.

Lakini sheria ni jambo moja na kazi ya kila siku ni jingine. Serikali ya Kenya inaweka akaunti yake Benki Kuu, na Benki Kuu ndiyo wakala anayeiuzia serikali hati zake, Alhamisi baada ya Alhamisi. Tarehe 9 ya mwezi waajiri wanapeleka kodi ya mishahara. Tarehe 20 ni siku ya VAT. Siku hizo shilingi zinahama kutoka akaunti za benki za biashara kwenda akaunti ya serikali, na benki zinaanza kukopeshana kwa bei ya juu. Kisha Hazina inaachilia fedha za kaunti au kuwalipa makandarasi, na zilezile zinarudi mtaani kwa mkupuo. Afisa wa Benki Kuu anayetaka riba ya kukopeshana kati ya benki ikae karibu na riba ya msingi lazima ajue Hazina italipa lini na kiasi gani. Asipojua, atanyonya fedha asubuhi na kuziingiza jioni. Uhuru wa taasisi mbili zinazotumia daftari moja la akaunti hauwezi kuwa uhuru wa kutosemezana.

Watasema hayo ni matatizo ya nchi changa, wenzetu wana taasisi imara. Tuangalie basi Uingereza. Tarehe 22 Septemba 2022 Bank of England ilipandisha riba hadi asilimia 2.25 ili kupoza bei, na ikatangaza kwamba itaanza kuuza hatifungani za serikali ilizokuwa nazo. Kesho yake serikali ya Waziri Mkuu Liz Truss ikatangaza kupunguza kodi kwa pauni bilioni 45 bila kusema fedha zitatoka wapi. Mmoja alikuwa anachota maji chomboni, mwingine anatoboa chombo. Bei za hatifungani zikaporomoka, mifuko ya pensheni ikakaribia kuzama, na tarehe 28 benki ileile iliyopanga kuuza ikalazimika kutangaza kwamba itanunua, hadi pauni bilioni 65. Truss alijiuzulu tarehe 20 Oktoba. Hakuna aliyeiingilia Bank of England. Hakuna aliyeshauriana nayo ipasavyo pia, na hayo ndiyo yaliyotokea.

Hoja ya tano inahitaji subira zaidi, kwa sababu iliwahi kuwa sheria na ina wafuasi wengi hadi leo. Inasema benki ni wanyonyaji, na dawa yao ni kikomo. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia mkopo wowote kutozwa zaidi ya pointi nne juu ya riba ya msingi. Ilianza kazi Septemba. Riba ya msingi ikiwa asilimia 10, hakuna mkopo ungevuka 14. Wananchi walishangilia, na sioni kwa nini wasingeshangilia; waliokuwa wakitozwa 18 na 20 walijua uchungu wake.

Sasa mchukueni mfanyabiashara wa mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, asiye na hati ya shamba wala daftari la hesabu zilizokaguliwa, na soko lake huungua mara kwa mara. Ameomba mkopo. Meneja anaruhusiwa kumtoza asilimia 14, si zaidi. Mezani hapohapo pana hatifungani ya serikali inayolipa asilimia 12 hadi 13, haina moto, haina kufilisika, haihitaji kupigiwa simu kila tarehe 5. Na serikali ya wakati huo ilikuwa na njaa: nakisi ya bajeti ya 2016/17 ilikaribia asilimia 9 ya pato la taifa kwa hesabu za siku hizo. Meneja anaandika jina la nani? Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, uliokuwa umeanza kupungua hata kabla ya sheria, ulianguka hadi karibu asilimia 2 mwaka 2017. Mtu wa Gikomba akaenda kwenye mikopo ya simu, asilimia 7.5 kwa siku 30. Pigeni hesabu ya mwaka mzima. Kikomo cha 14 kilimsukuma kwenye 90.

Mkanganyiko mkubwa, hata hivyo, uko ndani ya Benki Kuu yenyewe, na watetezi wa kikomo hawajawahi kuugusa. Kwa kawaida uchumi ukizorota unashusha riba ya msingi ili mikopo iongezeke. Chini ya kikomo, ukiishusha unashusha na kikomo. Ilipokuwa asilimia 9 mwaka 2018, kikomo kikawa 13, na waliokuwa pembezoni mwa 14 wakatupwa nje. Usukani ulifungwa kinyume: ukigeuza kulia, gari linakwenda kushoto. Wabunge haohao waliopitisha kikomo ndio waliopitisha bajeti zilizoifanya serikali kuwa mteja bora wa kila benki. Wakati mmoja walimtaka mwenye benki amkopeshe mnyonge kwa bei nafuu, na wakati uleule wakampa mkopaji tajiri asiyeweza kukataliwa. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019.

Kuna wanaojibu kwamba deni la ndani si tatizo kwa sababu tunadaiana wenyewe. Hao "wenyewe" si mtu mmoja. Anayelipa ni mnunuzi wa sabuni anayekatwa VAT, anayepokea ni mwenye hatifungani ya asilimia 18.46. Kufikia 2024 karibu theluthi ya mapato ya serikali ilikuwa inalipa riba tu, bila kugusa mtaji. Hapo kila pointi ambayo Benki Kuu inaongeza ili kupoza bei inarudi Hazina kama matumizi mapya.

Inabaki hoja ya sita, ya wale waliochoka na yote haya: acheni sera za fedha, bajeti ikikazwa mambo mengine yatajipa. Wana mfano mzuri, na nitawapa hata kabla hawajauomba. Mwaka 1996 serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilianza kutumia kile kilichokusanywa mwezi huo tu, na mfumuko wa bei Tanzania, uliokuwa ukizunguka asilimia 30 katikati ya miaka ya 1990, ukawa wa tarakimu moja kufikia 1999. Lakini mwaka mmoja kabla, Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya 1995 ilikuwa imeifanya bei tulivu kuwa kazi kuu ya benki hiyo. Mlango mmoja ulifungwa baada ya mwingine. Na kukaza kulikuwa na gharama yake: zahanati na shule zilingoja, na malimbikizo ya madeni kwa wanaoihudumia serikali yakarundikana.

Kenya nayo ilipata jaribio lake Juni 2024. Muswada wa Fedha uliotaka shilingi bilioni 346 zaidi ulikataliwa mitaani tarehe 25, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia saini. Tuliambiwa shilingi itaporomoka. Wakadiriaji wa mikopo Moody's walishusha kiwango cha Kenya cha kuaminika kulipa madeni hadi Caa1 Julai, lakini shilingi ilibaki karibu na 129. Agosti Benki Kuu ikaanza kushusha riba: 12.75, kisha 12, kisha 11.25 kufikia Desemba. Walioamini kwamba Benki Kuu ndiyo inayopanga bei ya fedha walingoja mikopo ishuke. Haikushuka. Wastani wa riba za mikopo ulikuwa karibu asilimia 17 mwezi Novemba.

Sababu haikuwa siri. Riba ya msingi ilipokuwa 12.75 mwezi Agosti, serikali ilikuwa inakopa kwa siku 91 kwa karibu asilimia 16. Benki ipi ingemkopesha mwenye hoteli Nakuru kwa 14 wakati Hazina inalipa 16 na haina hatari? Ni pale Hazina ilipoanza kukataa maombi ghali, na hati za siku 91 zikateremka hadi karibu asilimia 10 mwishoni mwa mwaka, ndipo Benki Kuu ilipopata pa kushikia. Februari 2025 ikapunguza akiba ya lazima ya benki kutoka asilimia 4.25 hadi 3.25 na kuzionya kwamba itakagua vitabu vyao. Anayesema riba ya mkopo inaamuliwa na Benki Kuu peke yake, na anayesema inaamuliwa na Hazina peke yake, wote wawili wana deni la kutueleza miezi hiyo minne, kati ya Agosti na Desemba, tarehe kwa tarehe.